Kupima fundisho kabla hujalimeza

Mhubiri akishasema "Mungu ameniambia", waumini wengi huona mjadala umefungwa. Kwa Biblia, hapo ndipo kazi ya msikilizaji inapoanza. Watu wa Beroya walihubiriwa na Paulo mwenyewe, na bado waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo (Matendo 17:11). Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hawaiti wabishi wala waasi. Anawaita waungwana.

Unachohitaji ni Biblia kamili yenye Agano la Kale, siyo lile Agano Jipya dogo la mfukoni, pamoja na daftari, kalamu na saa moja isiyo na simu. Ukipata tafsiri mbili ni vizuri zaidi. Union Version ya 1952 ndiyo wengi wameikariri, ila Kiswahili chake kimezeeka mahali pengine. Katika 2 Timotheo 4:3 inasema watu watakuwa na "masikio ya utafiti", na msomaji wa leo anaweza kudhani wanasifiwa kwa elimu. Maana yake ni masikio yanayowasha, yanayotaka kukunwa kwa maneno matamu. Tafsiri ya pili hukuokoa hapo.

Anza kwa kuliandika

Liandike fundisho ulilosikia kwa sentensi moja, bila kulipamba. Mkutanoni fundisho huja limevikwa kinanda, kelele za "pokea!" na watu wanaoanguka. Likikaa peke yake kwenye karatasi unaliona lilivyo. Kwa mfano: "Atakayetoa sadaka ya kujimaliza leo, Mungu atamlipa mara mia kabla mwezi haujaisha." Hiyo sentensi inapimika. Ina ahadi, ina sharti, ina tarehe. Ukijaribu ukashindwa kupata sentensi hata moja baada ya saa mbili za ibada, ujue ulichopata ni hamasa, na hamasa haina cha kupima.

Chini yake andika andiko lililotumika, sura na mstari. Kama halikutajwa, acha nafasi wazi. Nafasi hiyo nayo ni jibu.

Soma sura nzima, na ya kabla yake

Makosa mengi hayatoki kwenye mistari ya uongo. Yanatoka kwenye mistari ya kweli iliyong'olewa mahali pake. Tuchukue Yeremia 29:11, mstari unaobandikwa kwenye kalenda na migongo ya daladala: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Unahubiriwa hivi: mwaka huu ni wako, mlango unafunguka, kaa mkao wa kupokea.

Sasa rudi sura ya 28. Watu wamechukuliwa mateka Babeli. Nabii mmoja, Hanania, anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote anatangaza kwamba Bwana ameivunja nira ya mfalme wa Babeli, na ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka watarudi. Anaichukua nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia anaivunja hadharani. Ni onyesho zuri, na kila mtu anataka liwe kweli. Hata Yeremia anajibu, "Amina, Bwana na afanye hivi." Kisha anaambiwa amwambie Hanania ukweli: Bwana hakukutuma. Hanania alisema yale mwezi wa tano. Mwezi wa saba wa mwaka uleule alikuwa amekufa.

Ndipo inakuja sura ya 29, barua kwa wale mateka. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani wale matunda yake. Mstari wa 6, waoe na kuoza. Mstari wa 8, wasidanganywe na manabii walio kati yao. Mstari wa 10, itachukua miaka sabini. Baada ya hayo yote ndipo unapofika wa 11. Kwa hiyo mstari unaotumiwa kuuzia mafanikio ya haraka uliandikwa kuwapinga waliokuwa wanauza mafanikio ya haraka. Wengi waliousomewa mara ya kwanza wangezikwa Babeli kabla ya kuona marejeo, na ahadi ilikuwa kweli vilevile.

Mistari mingine inayovutwa mara kwa mara ipime kwa njia hiyohiyo. "Msiwaguse masihi wangu" (Zaburi 105:15) hutumika kuwanyamazisha wanaouliza maswali kuhusu mchungaji. Isome kuanzia mstari wa 8 utakuta anazungumziwa Ibrahimu na uzao wake wakiwa wageni wachache, na wanaoonywa ni wafalme. Marko 10:30 inaahidi mara mia, lakini ndani ya mstari uleule kuna neno "udhia", yaani mateso, ambalo halihubiriwi pamoja na lile la mashamba. 3 Yohana 2 ni salamu za kumtakia Gayo heri na afya, kama sisi tunavyoandika "natumaini u mzima".

Malaki 3:10 inahitaji subira zaidi. Zaka ile ilikuwa chakula kilichowekwa ghalani kwa ajili ya Walawi, ambao hawakugawiwa ardhi. Nehemia 13:10 inaonyesha kilichotokea walipoacha kupewa: walikimbilia mashambani kutafuta riziki. Tena kila mwaka wa tatu zaka ililiwa pia na mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu la Torati 14:28-29). Mkristo anaweza kutoa fungu la kumi kwa moyo mweupe. Ila anayelihubiri kwa laana ya Malaki amtafute na mjane wa mwaka wa tatu, amwonyeshe yuko wapi katika bajeti yake.

Uliza: Yesu pamoja na nini?

Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. 1 Yohana 4:1 inaamuru: "msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho", na mstari wa pili unasema kipimo ni kumkiri Yesu Kristo aliyekuja katika mwili. Kanisa la kale lililifupisha jambo hili katika Kanuni ya Imani, ile ambayo Wakatoliki huianza "Nasadiki" na Waanglikana na Walutheri huikiri kila Jumapili. Waliitunga kwa sababu. Ario, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, ulikuwepo wakati ambapo hakuwepo. Baraza la Nikea mwaka 325 likamjibu kwa maneno ambayo bado yanasemwa vijijini kwetu: Mungu kweli aliyetoka kwa Mungu kweli, aliyezaliwa, hakuumbwa. Ikariri. Mwenye Kanuni ya Imani kichwani huwa na mizani mfukoni.

Lakini waalimu wengi wa uongo wa siku hizi hawamkani Kristo kwa kinywa. Wanamwongezea. Wagalatia nao hawakuambiwa wamwache Yesu. Waliambiwa wamwongezee tohara, na Paulo akasema hata malaika wa mbinguni akiwahubiri injili nyingine na alaaniwe (1:8). Kwa hiyo uliza: ili nipone, niokoke au nibarikiwe, huyu anasema nahitaji Yesu pamoja na nini? Pamoja na maji yake? Kitambaa chake? Mafuta yanayouzwa mlangoni? Kumwita yeye "baba" na kuunganishwa na madhabahu yake? Yakobo 5:14 inataja mafuta, kweli, lakini wanaopaka ni wazee wa kanisa, wanakwenda kwa mgonjwa, na kuombewa hakuna kiingilio. Nguvu ikihamia kwenye chupa, watu wataikimbilia chupa. Februari 1, 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako.

Unabii na miujiza

Musa aliacha vipimo viwili, na wengi wanakijua kimoja tu. Kumbukumbu 18:22 inasema neno lisipotimia, Bwana hakulinena. Kumbukumbu 13:1-3 inakwenda mbali zaidi: hata ishara ikitimia, kama mwenye nayo anakupeleka kwa mungu mwingine, usimsikilize. Muujiza hauthibitishi fundisho. Wale wa Mathayo 7:22 walitoa pepo na kufanya unabii kwa jina la Yesu, wakaambiwa hawajulikani.

Kwa unabii wa tarehe, andika siku uliyosikia, maneno yenyewe na muda uliotajwa. Funga daftari, lirudie siku hiyo ikifika. Manabii wa uongo huishi kwa kusahauliwa, na wakikumbushwa husogeza tarehe. Kanungu, Uganda, kundi lililosema dunia ingekwisha mwaka 1999 ukiisha lilitaja tarehe nyingine baada ya siku hiyo kupita kimya. Waumini walikuwa wameshauza mali zao. Machi 17, 2000 mamia waliungua ndani ya jengo lao la ibada. Mathayo 24:36 ingetosha kuwaokoa: siku ile na saa ile hakuna aijuaye.

Unabii wa "kuna mama hapa anaumwa mgongo, na kuna mtu mwenye jina linaloanza na M" usikutishe. Kwenye watu mia tano wapo wengi. Unapotajwa jina, namba ya simu na shida yako, jiulize kwanza nani tayari anavijua. Kadi ya mgeni uliyojaza mlangoni? Mhudumu aliyekuuliza kwa upole umekuja na hitaji gani? Ukurasa wako wa Facebook? Tukiri pia upande wa pili: 1 Wathesalonike 5:20-21 inasema msitweze unabii, jaribuni mambo yote. Kutweza vyote ni kukataa nusu ya agizo.

Uponyaji una kipimo chake, na alikitoa Yesu. Wakoma kumi aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14), ambao kwa sheria ya Mambo ya Walawi 14 ndio walikagua kama ukoma umetoka. Leo ni hospitali. Aliyeombewa aende kupima na asiache dawa mpaka daktari aseme. Hapa kuna mtego unaoua watu. Anayemeza ARV vizuri hufikia hali ambapo kipimo cha wingi wa virusi hakivioni kwenye damu. Ni kazi ya dawa, siyo kupona. Mhubiri akiishika karatasi hiyo jukwaani kama ushuhuda, mgonjwa akatupa dawa, virusi hurudi ndani ya wiki chache. Kifua kikuu kadhalika: dozi ya kawaida ni miezi sita, na nafuu huja mapema sana kabla vimelea havijaisha. Anayekataza dawa kwa jina la imani, mwache: toka mlangoni usirudi.

Fuata fedha

Kipimo hiki ni cha zamani kuliko makanisa yetu yote. Didake, mwongozo wa Wakristo wa kwanza kabisa baada ya mitume, ulikuwa na sheria kavu: mtume anayepita asikae siku ya tatu, akiondoka apewe mkate tu wa njiani, na akiomba fedha ni nabii wa uongo. Akisema kwa Roho "nipeni fedha", msimsikilize. Akisema mpeni mwingine mwenye uhitaji, asihukumiwe.

Kwa siku zetu, uliza maswali manne ya kawaida kabisa, kwa adabu. Akaunti iko kwa jina la nani? Wanatia saini watu wangapi, na kuna walio nje ya familia ya mchungaji? Taarifa ya mapato na matumizi husomwa lini? Kumwona mtumishi kuna malipo? La kwanza unaweza kulijibu mwenyewe: ukituma sadaka kwa simu, jina la mpokeaji hutokea. Likitokea jina la mtu binafsi badala ya la kanisa, simama hapo. Atakayekuambia maswali haya ni ukosefu wa imani, msomee 2 Wakorintho 8:20-21, ambapo Paulo anapeleka mchango pamoja na ndugu wengine makusudi ili mtu asije akamlaumu. Kama Paulo alihitaji mashahidi, hakuna asiyewahitaji.

Na hapa tunashauri kanuni moja isiyo na ubaguzi: usitoe sadaka kubwa siku uliyoombwa. Lala nayo. 2 Wakorintho 9:7 inataka mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa lazima. Baraka inayoisha saa sita usiku ni mnada.

Cheti cha usajili kisikuridhishe. Msajili wa jumuiya huangalia katiba, viongozi na karatasi. Hapimi mafundisho.

Usimwite kila mtu nabii wa uongo

Kuna wanaojifunza vipimo hivi wakageuka mbwa wa kila lango. Kubatiza watoto au watu wazima, ngoma au kinanda, kunena kwa lugha au kutonena: Wakristo wameachana kwenye haya bila kuiacha Kanuni ya Imani. Warumi 14 iko pale kwa mambo ya vyakula na siku. Tena kuna tofauti ya anayekosea na anayedanganya. Apolo alifundisha kwa bidii akijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimchukua kwao, wakamweleza kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Hawakumrekodi wakamsambaza WhatsApp. Nenda na daftari lako, onyesha sentensi, onyesha sura. Mwalimu mwema atafungua Biblia naye. Mwalimu wa uongo atakuuliza wewe ni nani. Mashtaka dhidi ya mzee yanahitaji mashahidi wawili au watatu (1 Timotheo 5:19), kwa hiyo video ya sekunde arobaini iliyokatwa haitoshi.

Kanisa la Efeso lilisifiwa kwa kuwajaribu wajiitao mitume na kuwaona waongo, halafu likakemewa papo hapo kwa kuacha upendo wake wa kwanza (Ufunuo 2:2-4). Anayekesha akifichua wazushi mtandaoni huku hajamlipa kibarua wake amefeli mtihani uleule.

Dawa ya kudumu ni kuijua nyumba yako. Agano Jipya lina sura 260: moja kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 52, umemaliza. Kama unataka kuanza na zinazohusu jambo hili, soma Wagalatia, Wakolosai, 1 Yohana, 2 Petro na Yuda. Ni sura 19 kwa jumla, chini ya mwezi. Soma na mtu mwingine, hata mmoja, kwenye jumuiya au nyumbani, kwa sababu anayesoma peke yake huishia kujikubalia kila alichotaka kukiona.

Kama ndugu yako ameshaingia kwenye kundi potofu

Usimcheke wala usimtukanie "baba" wake. Utamfanya ajione shahidi wa imani. Uliza swali moja, subiri. "Lile alilosema la Machi limekuwaje?" linafanya kazi kuliko hotuba. Endelea kumwalika kula, kwenye harusi, kwenye misiba, kwa kuwa kundi potofu hujenga ukuta kwa kumtenga na jamaa, na siku atakayotaka kutoka atahitaji mahali pa kufikia.

Subira ina mpaka. Huko Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400, dalili zilitangulia makaburi: watoto kutolewa shuleni, hospitali kukataliwa, mali kuuzwa, watu kuhamia porini, kisha kufunga bila kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Ukiona mawili ya hayo pamoja, usingoje la tatu. Nenda kwa chifu, mwenyekiti wa mtaa au polisi ukiwa na majina, mahali na tarehe ulizoandika. Pakiwa na mtoto ndani, piga 116. Ni bure, Kenya na Tanzania.